Walinzi Walioitwa Bure: Safari ya Seli za Damu Hadi Kwenye Doa la Soriasisi

Mwezi huu ukurasa wetu wa sayansi na afya tumeupa ugonjwa mmoja wa ngozi ambao hapa kambini umeleta maneno mengi bombani kuliko malaria yenyewe. Jina lake ni soriasisi. Wengine wanauita pumu ya ngozi, ijapokuwa jina hilo hutumika zaidi kwa ugonjwa mwingine. Wengine wanauita ukoma, na hapo ndipo ubaya unapoanzia.

Kwanza tuutambue. Soriasisi ni madoa yaliyoinuka kidogo, mazito, yenye mipaka inayoonekana vizuri, na juu yake kuna magamba makavu yanayong'aa kama fedha. Hupenda viwiko, magoti, chini ya mgongo na kichwani ndani ya nywele. Kucha nazo huweza kuwa na vishimo vidogo kama zimechomwa sindano. Vitabu vingi vinasema doa ni jekundu, lakini vitabu hivyo viliandikwa kwa kuangalia ngozi ya Wazungu. Kwenye ngozi yetu doa mara nyingi ni la zambarau, la kahawia iliyokolea au la kijivu, na likipona linaacha alama nyeusi au nyeupe kwa miezi.

Muhula uliopita mtoto mmoja wa darasa letu alianza kutokwa na madoa hayo kwenye viwiko, kisha kwenye magoti. Haikupita wiki mbili, wenzake wakaanza kusogea, na dawati la watu wanne likabaki la mtu mmoja. Mama yake naye akifika bombani, wenzake wanavuta madumu yao pembeni. Mzazi mmoja alitufuata hadi mlangoni mwa darasa akasema, "Mwalimu, wangu usimkalishe na ule. Ule ana ukoma, na wewe mwenyewe unaona." Tukamjibu, "Mama, twende wote zahanati tukaulize." Alikuja, tunamshukuru.

Muuguzi alimfumba mtoto macho, akamgusa kwenye doa kwa kipande cha pamba. Kila alipogusa, mtoto alionyesha kwa kidole. Doa la ukoma kwa kawaida limekufa ganzi, na mtu hasikii kitu. Doa la soriasisi linasikia, tena linawasha. (Na hata ukoma wenyewe, tuseme hapa hapa, una dawa za bure, unapona, na mgonjwa akishaanza dawa haambukizi tena. Kwa hiyo hata angekuwa nao, habari ya kumtenga isingekuwa na maana.) Kuchanganya magonjwa haya mawili si jambo la hapa kwetu tu. Huko Ulaya madaktari waliyachanganya kwa karne nyingi, na inasemwa kwamba ni daktari Ferdinand von Hebra wa Vienna aliyeyatenganisha kabisa mwaka 1841.

Basi muuguzi akasema: huu hauambukizi. Yule mama akauliza swali ambalo kwa maoni yetu lilikuwa la haki kabisa: "Sawa, kama haambukizi mtu, yeye ameupata wapi? Hakuzaliwa nao." Makala hii ni jibu la swali hilo. Tumesoma, tumeuliza, na tunawaletea tulichopata kwa namna tunavyoeleza darasani.

Sungusungu wa damu

Ndani ya damu mna chembe nyekundu zinazobeba hewa, na chembe nyeupe ambazo ni walinzi. Tuwaite sungusungu, maana kila mtu hapa anawajua. Ni watu wetu wenyewe, wanazunguka usiku na mchana, na wakisikia filimbi wanakimbilia inakotoka. Mwanafunzi mmoja alipendekeza tuwaite wakimbizi kwa kuwa wanahama. Tulikataa. Mkimbizi anakimbia shari. Hawa wanaifuata.

Sungusungu wa muhimu katika habari yetu wanaitwa seli T. Herufi hiyo imetokana na thimasi, tezi lililoko kifuani ambako seli hizo hukomaa. Kazi yao ni nzuri. Bila wao kila kidonda kingetuua. Katika soriasisi wao si wabaya na hawajaharibika. Wameitwa bure, na wakifika hawakubali kuambiwa warudi.

Nani anapiga filimbi? Ndani ya ngozi mna seli zenye matawi kama mti, kazi yake ni kukaa na kuchungulia. Ngozi ikikwaruzwa, au mtoto akipata ugonjwa wa koo wa bakteria, au hata bila sababu inayoonekana, seli hizo huamka. Mwaka 2007 watafiti walionyesha njia mojawapo ya kosa hilo. Ngozi iliyoumia hutoa protini ya kujikinga iitwayo LL-37. Kwa mwenye soriasisi protini hiyo hushikana na vipande vya DNA vya seli za mtu mwenyewe zilizokufa, na mlinzi akiuona mchanganyiko huo anadhani ni kirusi. Filimbi inapigwa, na mwizi hayupo.

Kwa nini kwa mmoja na si kwa jirani yake? Sehemu kubwa ni damu ya ukoo. Mtu anazaliwa na mwelekeo huo, unalala miaka, kisha kitu kinauamsha. Mwelekeo si laana, na wala hauna uhusiano na nani alikosana na nani kijijini kabla ya vita.

Jinsi wanavyopata anwani

Hapa ndipo sisi wenyewe tulipostaajabu. Seli T ikiwa ndani ya damu inapita kila mahali: ini, mapafu, ubongo, miguu. Inajuaje kwamba inatakiwa kwenye kiwiko?

Seli zile zenye matawi husafiri kutoka kwenye ngozi hadi kwenye matezi, yale yanayovimba kwapani na kinenani mtu akiwa na kidonda. Huko zinakutana na seli T changa, zinazionyesha kilichookotwa, na seli T inapewa kitambulisho. Aliyefundishwa kwenye matezi ya tumboni hupewa anwani ya utumbo. Aliyefundishwa kwenye matezi ya ngozi hupewa anwani ya ngozi. Wataalamu wanakiita kitambulisho hicho CLA. Ni kama kadi yenye zoni na bloku. Ukishika kadi ya zoni nyingine hapa hupewi unga, hata ungelia.

Sasa seli yenye kitambulisho cha ngozi inashushwa kwenye damu. Damu inakwenda kwa kasi, kama maji ya mto wakati wa masika, na mlinzi lazima ashuke bila kusombwa. Karibu na doa, kuta za mishipa midogo ya damu zimeshapata habari, nazo zinatoa ndoano ndogo ziitwazo selektini. Kitambulisho cha seli kinanasa kwenye ndoano, kinaachia, kinanasa kwenye nyingine. Seli inaanza kubingirika ukutani polepole, kama watoto wanavyobingirisha dumu tupu kwenye mteremko wenye matope.

Ikibingirika hivyo inanusa. Mnajua jioni mtu akikaanga dagaa bloku ya pili, watoto wote wanajua nyumba ni ipi bila kuelekezwa. Ngozi iliyosumbuka nayo hutoa kitu kama harufu hiyo, kinaitwa kemokini. Zipo nyingi. Moja inayotajwa sana katika soriasisi ni CCL20, na seli T za aina fulani zina pua yake maalumu, CCR6. Seli ikiinusa, mikono yake iliyokuwa imelegea inakaza ghafla. Mkono mmoja unaitwa LFA-1, nao unashika mshikio ulioko ukutani uitwao ICAM-1. Seli inasimama kabisa. Inajilaza bapa kama chapati, halafu inajipenyeza kati ya seli mbili za ukuta wa mshipa, kama mtu anayepita ubavu ubavu katikati ya nyumba mbili zilizobanana. Imeshatoka kwenye damu. Iko ndani ya ngozi.

Lakini bado haijafika. Ngozi ina tabaka mbili kubwa. Ya chini ina mishipa ya damu, ya juu haina hata mmoja. Kati yake kuna uzio mwembamba uliosukwa kwa protini, mojawapo ikiwa kolajeni ya aina ya nne. Seli T nyingi zinabaki tabaka ya chini. Zile zinazopanda juu zina mkono mwingine tena, unaitwa VLA-1, unaoshika kolajeni hiyo kama mtu anayeparamia uzio wa miti. Watafiti walijaribu kuufunga mkono huo, kwa kutumia panya waliopandikizwa ngozi ya binadamu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2007: seli zilishindwa kupanda tabaka ya juu, na ugonjwa haukutokea. Yaani kufika kwenye ngozi hakutoshi. Mpaka uzio uvukwe.

Wakishafika

Seli T zikifika zinakuta seli zenye matawi bado zinapiga kelele. Kelele hiyo ina jina, intalukini 23. Nazo zinajibu kwa kutoa intalukini 17. Seli za kawaida za ngozi zikisikia hiyo ya 17 zinadhani vita vimeanza, zinafanya haraka kujenga ukuta. Kwa kawaida seli ya ngozi inazaliwa chini, inapanda, inakomaa, inakauka na kudondoka kwa muda wa siku 28 hivi. Kwenye doa la soriasisi safari hiyo inakwisha kwa siku chache tu, 4 au 5. Seli zinafika juu kabla hazijakomaa, zinarundikana, na hayo ndiyo magamba meupe mnayoyaona. Magamba hayo ni ngozi ya mtu mwenyewe iliyofanya haraka.

Na jambo baya kuliko yote ni hili: seli za ngozi zikisikia intalukini 17 zinatoa CCL20 nyingine, ile harufu ya dagaa. Harufu inaita seli T zaidi, seli T zinatoa intalukini 17 zaidi, na ngozi inatoa harufu zaidi. Sungusungu wanaitana wao kwa wao mpaka asubuhi. Mishipa ya damu nayo inatanuka na kusogea juu karibu na magamba, ndiyo maana mtu akibandua gamba kwa kucha anaona vitone vya damu.

Kundi lingine la walinzi, nyutrofili, nalo linafika kwa wito wa namna hiyo. Hawa ndio wanaotengeneza usaha kwenye jipu. Katika soriasisi wanapanda hadi juu kabisa na kujikusanya chini ya magamba katika vifuko vidogo visivyoonekana bila hadubini. Daktari Munro alivieleza mwaka 1898, na mpaka leo vina jina lake. Tunaomba hapa msomaji asimame kidogo: ndani ya vifuko hivyo hamna kijidudu. Ni walinzi watupu, waliokusanyika mahali pasipo na adui. Ndiyo sababu ya kweli ya neno la muuguzi. Hauambukizi kwa kuwa hakuna cha kuambukiza. Ukila naye sahani moja, ukilala naye mkeka mmoja, ukivaa shati lake, ukimshika mkono kwenye mstari wa mgao, hakuna kitu cha kutoka kwake kuja kwako.

Wanaobaki

Yule mama aliuliza swali la pili: "Mbona walimpaka dawa likaisha, na sasa limerudi pale pale?" Wengi husikia hivyo wakasema basi mkono wa mtu upo.

Jibu ni kwamba walinzi hawaondoki wote. Baadhi ya seli T zikishaingia kwenye ngozi zinajenga. Zinakaa miaka, hazirudi kwenye damu, zinakumbuka. Hata ngozi ya mtu mzima kabisa ina seli T nyingi sana: wataalamu wanakadiria bilioni 20, karibu mara mbili ya zilizomo kwenye damu. Mwaka 2004 ulitangazwa utafiti ambao sisi tunaupenda kwa urahisi wake. Walichukua ngozi ya wagonjwa wa soriasisi, lakini kutoka mahali ambapo hapakuwa na doa, ngozi safi kwa macho. Wakaipandikiza kwenye panya wasio na kinga yao wenyewe. Hawakuongeza kitu. Doa likatokea. Maana yake walinzi walikuwa wameshakaa mle ndani, kimya, wakingoja filimbi.

Kwa hiyo doa linapoisha ni kama moto wa mkaa uliofunikwa majivu. Ukipuliza, unawaka mahali pale pale. Na kupuliza kwenyewe kunaweza kuwa mkwaruzo tu. Mwaka 1872 daktari Mjerumani Heinrich Köbner alieleza habari za mgonjwa ambaye madoa yalimtokea kila alipoumia ngozi, hata pale alipoumwa na farasi na pale alipochanjwa michoro. Wazazi wanaochanja watoto kwa wembe ili "kutoa damu mbaya" kwenye doa wajue wanaliongezea doa ndugu zake. Tumeona mtoto aliyechanjwa, na kila chale ikawa mstari wa magamba. Hilo tunalisema kwa ukali kidogo, mtusamehe.

Kufunga njia

Mtu akishaijua njia ya mwizi anaweza kuiziba. Kwamba walinzi ndio wenye kosa, madaktari walianza kuona wazi mwaka 1979, walipowapa wagonjwa wa viungo dawa ya kutuliza kinga, siklosporini, na madoa yao ya soriasisi yakafifia. Baadaye wakaja na wazo la kuzuia safari yenyewe. Walijaribu kuziba zile ndoano za kwanza, selektini. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2002 yalionyesha haikusaidia. Seli zilipata njia nyingine. Wakaja na dawa ya kufunga ule mkono wa LFA-1, iitwayo efalizumabu. Iliruhusiwa Marekani mwaka 2003, na wagonjwa wengi ngozi zao zilisafika.

Lakini mkono ule ule seli T zinautumia kwenda kulinda ubongo. Kuna kirusi kiitwacho JC ambacho watu wengi sana wanacho mwilini bila kuumwa, kwa sababu walinzi wanakibana. Kwa wagonjwa wachache waliotumia dawa hiyo, kirusi kilipata nafasi, kikaharibu ubongo, na wengine walikufa. Mwaka 2009 dawa ikaondolewa sokoni. Ukiwafungia sungusungu wote ndani kwa sababu mmoja alipiga filimbi ya bure, siku ya mwizi wa kweli utalia.

Dawa za sasa zinafanya kwa akili zaidi. Hazifungi milango yote, zinanyamazisha filimbi. Zipo sindano zinazozuia intalukini 17, ya kwanza iliruhusiwa Marekani mwaka 2015, na zipo zinazozuia ile ya 23. Zinasafisha ngozi vizuri kweli. Ni ghali, na hapa kambini hatujaziona. Tunazitaja ili mtu akisikia kwa ndugu aliyepelekwa Marekani au Kanada asidhani ni uongo. Mwaka 2014 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha azimio zikiutambua ugonjwa huu kuwa mzito, na zikitaka wagonjwa wasitengwe.

Kinachowezekana hapa

Kuna mengi ya kufanya bila sindano hizo. Paka mafuta ya mgando kila siku, hasa mara baada ya kuoga ngozi ikiwa bado na unyevu. Magamba yanalainika na mwasho unapungua. Usibandue magamba. Kata kucha za mtoto. Zahanati inaweza kuwa na marhamu ya asidi ya salisiliki, ya lami ya makaa ya mawe, au ya steroidi kama betamethasone, na kila moja ina muda wake na mahali pake pa kupaka. Mtoto akiumwa koo na homa, mpeleke mapema, kwa maana madoa madogo madogo kama matone ya mvua huweza kumtokea mwili mzima wiki mbili au tatu baadaye. Mgonjwa akianza kuumwa vidole au viungo, hasa asubuhi, asiseme ni baridi ya usiku. Walinzi hao hao huweza kuingia kwenye viungo, na hilo linahitaji daktari. Mwenye madoa makubwa anaweza kupelekwa hospitali ya rufaa kwa dawa ya methotreksati, ambayo inahitaji vipimo vya damu na ambayo mjamzito haruhusiwi kabisa.

Na lipo jambo la sokoni. Kuna vikopo vinavyouzwa kwa ajili ya kung'arisha uso, na vidonge vidogo ambavyo muuzaji anasema vinamaliza ugonjwa wowote wa ngozi kwa siku tatu. Vingi vina steroidi kali. Doa litaisha kweli, maana steroidi inawalaza walinzi wote kwa pamoja. Tatizo ni siku ya kuacha. Wakiamka ghafla wanaamka na hasira, na ngozi huweza kuchubuka mwili mzima au kutoka malengelenge ya usaha, hali ambayo ni ya kulazwa siku hiyo hiyo. Mwenye vidonge hivyo nyumbani, na ameshavitumia kwa wiki kadhaa, asivitupe leo kwa kuogopa makala yetu. Avibebe avipeleke zahanati, wavione, wampangie namna ya kupunguza kidogo kidogo.